Kutoka Chuga mpaka Londiani kuangalia daraja la treni la Mau

Alhamisi, Arusha

Mi ni fundi wa kuchomelea, banda langu lipo Unga Limited, natengeneza mageti, grili za madirisha, matela na chochote kinachokuja, kwahiyo wenzangu wakienda kutalii wanaangalia tembo mi naangalia chuma kimeungwaje. Sasa kuna mpwa wangu anasoma mambo ya ujenzi chuoni, juzi kati hapa kaja na simu yake kanionyesha picha ya daraja la treni kule milima ya Mau, Kenya, lile la minara ya chuma inayopanda kutoka bondeni mpaka kwenye reli juu kabisa, akaniambia anko hili lina zaidi ya miaka 120 na hakuna mahali hata pamoja pamechomelewa. Hapo ndo aliponipata.

Na sio moja tu. Reli ile ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikagusa ziwa pale Kisumu Desemba 1901, na kwenye huko kuvuka Mau peke yake yaliwekwa madaraja 27 ya namna hiyo. Reli ya Mwingereza lakini madaraja alipewa Mmarekani, kampuni ya American Bridge, kwasababu Mmarekani alikuja na bei nzuri na akaahidi kuleta mzigo haraka kuliko viwanda vya Uingereza kwenyewe. Vyuma vilikatwa na kutobolewa matundu kulekule Marekani, vikapakiwa melini mpaka Mombasa, huku kazi ikabaki kuunganisha. Yaani kama umewahi kufunga geti ulilolitengenezea gereji halafu ukifika saiti halikai kwa nusu inchi, utaelewa kwanini nilitaka nikaone kwa macho watu walipimaje bonde la Mau wakakatia chuma bara lingine na kikakaa.

Reli yetu ya huku historia yake ni ya taratibu zaidi. Mjerumani alianzia Tanga 1893, kafika Moshi 1911, na hapa Arusha treni ilifika 1929 Mjerumani mwenyewe keshaondoka zamani, Mwingereza ndo kaimalizia. Upana ni uleule wa mita moja, na wakati wa vita ya kwanza Waingereza wakavuta kipande kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe hapo chini ya Moshi, kwahiyo kuna miaka mingi mtu alikuwa anaweza kupanda treni Moshi akashuka Mombasa. Sa hivi hiyo njia imelala.

Maandalizi hayakuwa makubwa. Tukakubaliana twende wote wawili, mi na dogo, yaani huyo mpwa wangu. Mi nina pasi, dogo hana, akachukua hati ya muda. Kadi ya homa ya manjano, masweta mawili mawili. Mama watoto kaniuliza swali moja tu, kwamba unatoka hapa unaenda mpaka Kenya kuangalia daraja, hapo mto Kikafu njia ya Moshi hakuna daraja?

Ijumaa, Namanga mpaka Nairobi

Noah za Namanga hazina ratiba, inaondoka ikijaa na kujaa kwenyewe ni mjadala. Tukatoka saa mbili kasoro. Ngaramtoni, Oldonyo Sambu upepo unaingia mpaka mifupani, halafu unashuka kule Longido joto na vumbi, ng'ombe wa Wamasai wanavuka barabara bila wasiwasi na dereva anawasubiri kwa adabu ambayo binadamu wa kawaida haipati.

Mpakani siku hizi ni jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha lile, haikuchukua hata nusu saa. Kilichochukua muda ni wale wa kubadilisha hela huko nje, maana kila mmoja ana kiwango chake na kila mmoja anakwambia yule mwingine ni mwizi. Upande wa Kenya tukapanda matatu, Bissil, Kajiado, Isinya, vizuri tu, tukafika Kitengela tukasimama. Foleni ya Kitengela sina la kuielezea. Nairobi tumeingia giza limeshaanza, tukatafuta gesti ya bei yetu maeneo ya River Road, tukala chapati na maharage tukalala.

Jumamosi, Nairobi na njia ya Nakuru

Kabla ya kuondoka Nairobi dogo alitaka tupite makumbusho ya reli, yako pembeni ya stesheni ya zamani, yalianzishwa 1971. Nilikuwa nadhani tutakaa dakika ishirini. Tumekaa mpaka mchana.

Kuna injini mle za mvuke aina ya Garratt, kundi la 59, zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock 1955 na 1956, jumla zilikuwa 34. Injini moja ina uzito wa tani 252, kwenye reli ya upana wa mita moja tu! Boila limekaa katikati, mbele kuna fremu yake na magurudumu, nyuma kuna nyingine, zinajipinda kwenye kona kila moja kivyake ndo maana jidude lote hilo liliweza kupita milimani. Halafu hizi injini zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nimezunguka mbele ya moja nikasoma kibao, Mount Gelai. Gelai! Gelai ni mlima wetu, uko wilaya ya Longido karibu na ziwa Natron, mi nina mteja wa matela anatoka kule. Ya pili pembeni, Mount Shengena, huo nao uko Upareni, Same huko. Yaani tumevuka mpaka kwa Noah na mihuri juu, halafu milima ya nyumbani imepaki Nairobi inatungoja. Nikapiga picha na Gelai nikamtumia huyo mteja, akajibu kwa sauti ya dakika nzima ya kicheko.

Kuna behewa pia ambalo Ryall, ofisa wa polisi, alichukuliwa na simba akiwa ndani, pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Walikuwa watatu wanamvizia simba, yeye ndo zamu yake ya kukesha, akasinzia. Dogo akachungulia dirisha la lile behewa akasema anko hili dirisha ni dogo. Ndo hivyo, simba aliingia.

Mchana tukashika matatu ya Nakuru. Hapa nilalamike kidogo: makanga kasema bei moja tukiwa chini, tumekaa, tumefunga mikanda, gari limetoka, bei ikapanda kwasababu mvua imeanza. Mvua inahusiana nini na nauli mtu anieleze. Tukalipa.

Ukipita pale juu ya bonde la ufa, kabla hujashuka kuelekea Naivasha, ukuta ule ukiangalia chini unajiuliza treni ilishukaje. Jibu ni kwamba mwanzoni haikushuka. Kabla njia ya kudumu haijakamilika 1901 walikuwa wanayateremsha mabehewa kwenye mteremko mkali kwa kamba za chuma, kimoja kimoja, ili vifaa vya kujengea reli huko mbele visikwame. Nilifikiria breki za ile winchi njia nzima mpaka Nakuru.

Jumapili, Nakuru mpaka Londiani

Nakuru sina cha kusimulia, tulilala, tukanywa chai, ukiagiza chai hapa inakuja ya maziwa bila kuuliza na mi sina ugomvi na hilo.

Matatu ya Kericho ikapita Salgaa, malori mengi sana, unapanda unapanda mpaka Mau Summit. Pale stesheni yake ya reli iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini tuko kama 1,400, kwahiyo piga hesabu ya baridi mwenyewe. Kwa njia ile ya Kisumu hapo ndo juu kabisa. Kuna tawi la Eldoret lililokuja baadaye, lenyewe lina stesheni ya Timboroa kwenye kama mita 2,740. Kutoka Mau Summit mpaka Kisumu treni inatakiwa ishuke karibu mita 1,400, na mlima wenyewe umekatwakatwa na vijito, kila kijito kina korongo lake. Ukifuata kila korongo ndani na nje hufiki, ukijaza udongo mvua ya Mau inaubeba. Basi ndo ikawa chuma juu ya chuma.

Tulishuka Londiani Junction. Ni pale ambapo Juni 2023 lori liliacha njia likaingia kwenye watu wa biashara na waliokuwa wakisubiri gari, wakafa zaidi ya hamsini. Wamama wanauza viazi na karoti kando ya barabara kama kawaida. Dogo alikuwa ameisoma hiyo habari, tukapita kimya, tukachukua boda mpaka mjini.

Londiani ni mji mdogo, misonobari kila upande, chuo cha misitu cha Kenya kiko hapa, mvua ilianza saa nane na haikuona sababu ya kuacha. Wenyeji wetu ni familia ya rafiki wa dogo waliyefahamiana chuoni Arusha. Tumepokelewa na mama yake, "Chamgei", na sisi tukajibu hivyohivyo tulivyofundishwa kwenye simu, nyumba nzima ikacheka. Tukapewa ugali na mboga, na mursik, maziwa ya kibuyu yenye rangi ya mkaa kidogo. Kuchacha kwake kunakushtua halafu unaomba tena.

Babu wa rafiki yake ndo sababu ya safari kufanikiwa. Mstaafu wa reli, aliingia kazini enzi za shirika la Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika 1977, genge la kutunza njia. Akaniuliza mnatoka wapi Tanzania. Nikamwambia Arusha, shikamoo mzee. Kwa Kenya shikamoo haiitikiwi sana lakini huyu akaitika marahaba sawasawa kabisa, akasema mimi nimewahi kukaa Voi, nikaja Moshi kwa treni, tukapita Taveta na Kahe, ile migomba ya Moshi bado iko? Nikamwambia migomba ipo mzee, treni ya Voi ndo haipo. Akatikisa kichwa, akasema kesho saa moja asubuhi mvae viatu vya matope.

Jumatatu, darajani

Saa moja kamili mzee yupo mlangoni, gambuti, koti la mvua, fimbo na kinyundo kidogo kwenye mfuko wa koti. Kwanza tulipita stesheni kuaga, maana kutembea kwenye reli ni kosa na yeye mwenyewe ni mtu wa reli hataki mchezo na hilo. Tukaambiwa chini mnaweza kwenda, juu hapana. Sawa.

Tukakata mashamba ya viazi, ukungu mzito, ng'ombe unawasikia kengele kabla ya kuwaona. Njia inashuka, utelezi, dogo kaanguka akaamka na tope mpaka mgongoni. Halafu ukungu ukafunguka kidogo upande mmoja nikaona mguu wa chuma umesimama kwenye kilima, hauna kichwa, huko juu bado kumefunikwa. Tulikaa tukasubiri. Ikachukua kama robo saa daraja lote likatokea kipande kwa kipande, na kijito chenyewe kilicholeta hasara yote hiyo pale chini unakiruka bila kukimbia.

Sasa niwaeleze lilivyo. Ni minara. Kila mnara una miguu minne, na miguu haisimami wima, imetanuka kwa chini, kama konda aliyetanua miguu mlangoni dereva anapokata kona. Sababu ni hiyohiyo, treni ikipita inasukuma kwa pembeni na upepo wa bonde nao unasukuma, mguu uliotanuka haupinduki. Kati ya mguu na mguu kuna vyuma vyembamba vimekatizana msalaba, msalaba juu ya msalaba mpaka juu. Juu ya kila mnara kumelazwa boriti fupi la chuma, halafu kati ya mnara na mnara boriti refu, fupi refu fupi refu mpaka ng'ambo. Ni mtindo wa Wamarekani, na faida yake kubwa ni kwamba vipande vinafanana. Unatengeneza kiwandani kwa wingi bila kubadilisha mashine, daraja likiwa refu unaongeza minara, likiwa fupi unapunguza, bonde likiwa na kina zaidi unaongeza ghorofa ya mguu. Hapo swali langu la nusu inchi likajibika. Hawakutengeneza madaraja 27 tofauti, walitengeneza daraja moja halafu wakalikata kwa urefu mbalimbali.

Na hawakuweka majukwaa ya miti kutokea chini. Walikuwa na kreni inayotembea juu ya sehemu iliyokwishajengwa, inanyoosha mkono mbele hewani, inashusha vyuma vya mnara unaofuata, mafundi wanafunga, wanalaza boriti, kreni inasogea mbele. Treni za kwanza kufika Kisumu zilikuwa zinapita njia za muda, zinashuka bondeni na kupanda tena kwa shida, kwasababu madaraja mengi yalikuwa hayajaisha.

Nikasogea. Kweli bwana, hakuna weldi. Riveti tupu, vichwa vya mviringo safu kwa safu. Kwa asiyejua, riveti ni msumari mnene usio na ncha, unauchoma motoni mpaka uwe mwekundu, mmoja anaudaka na koleo anauingiza kwenye tundu, mwingine anashikilia kichwa upande huu, wa tatu anagonga upande wa pili mpaka ufanye kichwa kingine. Ukipoa unasinyaa, na kusinyaa ndo kunabana pleti mbili zikashikana kwa nguvu ambayo boliti la kukaza kwa mkono halifikii. Weldi yangu mimi nikiharakisha inaweza kuwa nzuri juu na ndani tupu, utajua siku limekatika. Riveti haifichi.

Hilo mzee ndo alilonionyesha. Akatoa kinyundo, akagonga kichwa kimoja, ting, kinalia. Cha pili ting. Akaenda mguu wa pili akagonga, tak. Akaniangalia. Akaniambia, kijana, hii chuma ukiigonga itakuongelesha, na hii inasema imechoka. Nikaangalia kwa karibu, kuzunguka kile kichwa kulikuwa na duara la kutu ya kahawia laini, unga kabisa, wakati vichwa vya jirani rangi iko safi. Riveti ikilegea pleti zinasuguana kila treni ikipita, ule unga ndo chuma chenyewe kinasagika. Akanipa nyundo nikagonga mguu mzima wa kimo changu. Vichwa vilivyolia tak ni vichache sana, na sehemu nyingine nikakuta riveti zimeshatolewa zamani zikawekwa boliti kubwa. Dogo anaandika kwenye simu huku vidole vimemganda.

Halafu tukafika chini kabisa, mguu unapokalia msingi wa mawe, na mi naona hapa ndo somo lenyewe la safari nzima. Pale pana kama kisanduku, pleti ya chini, pleti za pembeni, mguu katikati. Majani ya miti yanadondokea humo, udongo unateleza kutoka kilimani, mavi ya ng'ombe, mvua inaloweka. Mzee akachokoa kwa fimbo, likatoka tope jeusi la kujaza ndoo. Chini yake pleti imeliwa, ukipitisha kidole ukingoni unasikia imekuwa nyembamba na ina mashimo. Nyayo mbili juu ya hapo chuma ni kizima kabisa, ungeniambia kimewekwa majuzi ningekubali. Akasema watu wakija hapa wanauliza treni ya tani ngapi inaweza kupita. Hakuna anayeuliza nani anatoa takataka. Wakati wao genge lilikuwa linazunguka kila mguu kabla ya masika na koleo na brashi, na mnyapara anakuja kuingiza kidole mwenyewe, tope likibaki unarudia.

Mi nikamwambia mzee si wangepaka rangi nzito tu. Akasema rangi juu ya tope ni kumfunika mgonjwa blanketi, hujamtibu. Nikakubali kwasababu nimeona matela mangapi yanakuja kwangu yamekatika, mwenye tela anasema mzigo mzito, ukifungua fremu unakuta maji yalikuwa yanaingia kwenye bomba na hayana pa kutokea. Mzigo ulimalizia tu.

Dogo akaanza mambo ya historia, kwamba reli nzima ilikula pauni milioni tano na nusu hivi, vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India na karibu 2,500 kati yao hawakurudi, walikufa. Mzee akasema na wetu? Maana kuna Waafrika waliobeba, waliochimba, ambao vitabu vya hesabu havikuwahangaikia hivyo. Akatusimulia na ya majirani zao Wanandi, kwamba walikuwa wanachukua nyaya za simu na boliti za reli wanafulia mapambo na silaha, Mwingereza akakasirika, vita ikaenda miaka mpaka 1905 walipomwita kiongozi wao Koitalel arap Samoei kwenye mazungumzo ya amani wakampiga risasi. Chuma kizuri kimepita shambani kwako bila ruhusa yako, hata mi ningechukua boliti mbili tatu.

Saa nne na kitu mzee akanyanyua kidole. Hatukusikia kitu. Baadaye kidogo mngurumo ukaja kutokea upande wa Mau Summit, treni ya mizigo, dizeli moja na mabehewa sio mengi, inakuja taratibu sana. Nikaweka kiganja kwenye mguu wa chuma. Kabla treni haijafika juu yetu chuma kikaanza kutetemeka kidogo, halafu uzito ukaingia, unausikia unashuka mguuni mwa mnara mmoja unahamia mwingine. Vumbi na kutu vikatudondokea. Boriti kule juu halijafungwa kotekote, upande mmoja limeachiwa kuteleza kidogo ili jua likipanda chuma kitanuke bila kusukuma minara, na ile sehemu ikawa inasogea, kidogo sana lakini ukikaza jicho unaiona. Nilitegemea makelele. Hakuna, ila mnara wa ng'ambo ulikuwa unatoa mlio mmoja, kik, kila behewa likipita, kik, kik. Mzee akasema ule ndo niliwaambia ofisini, na akatuvusha kijito akatuonyesha. Sanduku la tope lile lile, limejaa.

Tukamsafishia. Watatu, kwa fimbo, mikono na kipande cha bati tulichookota. Miguu miwili tu ya mnara mmoja, saa nzima, na tope likirudi kuteremka mvua ijayo itajaza tena. Mzee alikuwa ameridhika sana na kunikosoa kila baada ya dakika.

Jioni viazi vya kuchemsha, chai, moto. Mwili wote unauma.

Jumanne, Fort Ternan

Mzee alibaki, miguu yake inamsumbua. Sisi tukashuka na matatu mpaka Kipkelion, halafu boda mpaka Fort Ternan, kufuata reli inavyoteremka. Joto linaongezeka kila kona, sweta moja likatoka, la pili likatoka. Tuliona madaraja mengine njiani kwa mbali, moja zuri sana liko kwenye mkunjo wa kilima lakini boda hakutaka kusimama kwasababu ya mteremko.

Fort Ternan kwenyewe ni kijiji kimetulia. Louis Leakey, huyuhuyu wa Olduvai ya kwetu, alipata hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaki ya nyani wa kale wa miaka kama milioni 14. Tulikunywa soda dukani tukawauliza vijana kuhusu reli, wakasema treni ya abiria ya Kisumu ilirudishwa Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa, na siku ile watu walikwenda kuiangalia wamevaa nguo za kanisani. Kwetu ilikuwa hivyohivyo 2020 treni ya Dar ilipoingia tena Arusha, nakumbuka wazee wa Unga Limited walivyofunga maduka.

Jioni tukatafuta basi la usiku la Nairobi. Nililala tangu Kericho, sina habari zaidi.

Jumatano, kurudi

Namanga saa sita, muhuri, muhuri, wale wa kubadilisha hela wametukumbuka wakatuita kwa majina ya mataifa. Noah ikajaa haraka safari hii. Dogo njia nzima anachora kwenye daftari mguu wa mnara, ameweka tundu la kutoa maji kwenye kile kisanduku na mteremko wa saruji kuzunguka msingi ili tope lipite pembeni, anataka iwe kazi yake ya mwaka wa mwisho. Mchoro uko sawa, ila tundu kalifanya dogo mno, jani moja la msonobari linaliziba. Tukabishana hilo kutoka Longido mpaka Ngaramtoni, abiria wengine wakaingilia, mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya akawa upande wangu, na dereva, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema tundu libaki dogo lakini yawe mawili.